Sanamaki Katika Chupa ya Shamari

Karani wa masjala, ambaye hata mkewe alimwita Bwana Faili, alikaa chumba kimoja cha ofisi na mama mmoja mpiga chapa miaka tisa bila kusalimiana. Chanzo kilikuwa dirisha. Yeye alitaka lifungwe, vumbi lisiingie kwenye majalada. Mama yule alitaka liwe wazi, apate hewa. Kila asubuhi mmoja alifunga, mwingine akafungua.

Tumbo la Bwana Faili likaanza kuasi. Akisikia tu viatu vya mpiga chapa koridoni, lilijaa gesi kama mpira na kiungulia kikampanda hadi kooni. Daktari alimpima, hakuona kidonda, akamwambia apunguze mawazo. Shangazi yake, bingwa wa miti shamba, akamchemshia shamari, tangawizi na mnanaa, akamjazia chupa ya chai.

"Kunywa polepole, umekaa, moyo umetulia," alimwonya. "Ukinywa na hasira, umekunywa maji ya moto tu."

Ilimsaidia wiki mbili. Kisha akagundua dawa inapungua kila anapopeleka barua kwa mkubwa. Siku moja alirudi ghafla, akamkuta mpiga chapa na kikombe mdomoni.

"Unaniibia dawa?"

"Kwani wewe unadhani tumbo linalokata ni lako peke yako?" Hata kikombe hakukiweka chini. "Miaka tisa nautazama uso huo!"

Mtu mwingine angecheka, yakaisha. Bwana Faili alikwenda sokoni akanunua sanamaki, majani ya kuharisha, akaloweka konzi nzima katika chupa ile, akaiacha mezani. Kabla ya saa sita mchana mpiga chapa alikuwa amekimbilia msalani mara saba. Ya nane hakuwahi. Alipita katikati ya wafanyakazi wote, kitambaa cha meza kiunoni. Bwana Faili akafunga dirisha.

Jioni tumbo lake lilimkaba kuliko siku zote. Alipomsimulia shangazi, akitaraji wacheke pamoja, bi mkubwa huyo alinyanyuka, akaimwaga sufuria nzima ya dawa uani.

"Mimi nachemsha dawa, wewe unawaharisha watu? Usikanyage kizingiti changu mpaka yule mama akuwie radhi."

Kesho yake alikwenda kumwomba radhi, ulimi mzito. Mpiga chapa hakuinua macho.

"Radhi yako ipe namba, uitie kwenye faili."

Wakaishi hivyo miaka miwili zaidi, kila mtu na chupa yake kabatini, ufunguo mfukoni. Bwana Faili alijichemshia mwenyewe, mara tangawizi imezidi, mara sufuria imeungua. Alipostaafu, chumbani mle hakuna aliyemuaga. Mwezi wa pili nyumbani kiungulia kikakoma bila dawa yoyote, akaanza kula kama kijana.

Ila siku aliyosikia kwamba mpiga chapa naye tumbo limepona, alinuna mpaka jioni.