Tindo za Mzee Phiri pale Masara

Ahsante, Mungu Baba, uliyeficha dhahabu mwambani na maarifa ndani ya watu, ukanipa pumzi ya kusimulia haya.

Harufu ya makaa na chuma kinachozimwa majini hunirudisha Masara, kijiji chetu cha machimbo ya dhahabu, msimu mmoja wa mvua katika miaka ya tisini, nikiwa msichana wa darasa la tano. Baba alikuwa amefikia jabali jeupe shimoni mwake, na kila tindo ya chuma aliyoigonga kwa nyundo ilikatika ncha kama muwa mkavu. Desturi ya wachimbaji ilikuwa wazi: shimo likilala bila kazi tangu siku ya soko hadi soko lijalo, mwingine huingia. Nasi tulikuwa tumemuuza ng'ombe wetu wa maziwa ili shimo hilo lichimbwe. Ndipo Mama akasema twende kwa Mnyasa. Ndivyo watu walivyomwita Mzee Phiri, fundi aliyeletwa kutoka Nyasaland zamani za ukoloni kunoa vyuma vya mgodi. Mgodi ulipofungwa, wenzake walirudi kwao. Yeye alikuwa ameoa kwetu, akabaki. Wazungu walimwita kibarua tu, na sisi tulimpelekea majembe yaliyopinda, basi.

"Jaduong', mzee wangu, zinavunjika," Baba alisema, akimwaga vipande chini.

Mzee aliokota kimoja. "Ulizizamisha majini nzima nzima, kama mtu anayebatizwa?"

"Ndiyo."

"Basi umeua chuma, halafu unaniletea maiti. Mimi ni Phiri, si Yesu!"

Mama alicheka hadi akashika mbavu. Baba hakucheka.

Mzee alinipa mvukuto nipulize moto. Tindo ilipoiva ikawa nyekundu, alichovya ncha peke yake, akaitoa, akaisugua kwa jiwe hadi ikang'aa. Joto lililobaki mgongoni mwa tindo likaanza kutambaa kuelekea nchani, likileta rangi: manjano ya majani makavu ikiongoza, kahawia nyuma yake. Baba akainyoshea mkono.

"Tulia, omera, ndugu yangu! Bado."

Kahawia ilipogusa ncha, ishara kwamba chuma si kikavu mno tena, akaizima yote majini.

Wanawake hatukuruhusiwa kukaribia mdomo wa shimo, basi kesho yake mimi na Mama tulisimama njiani tukisikiliza. Nyundo ililia, tukangoja inyamaze kama kila mara tindo ilipovunjika. Haikunyamaza. Mama akapiga magoti palepale topeni. Jumapili, Baba alisimama kanisani akamshukuru Mzee Phiri kwa jina lake, akamwomba amfundishe. Mzee alijibu kwa sauti ya chini, "Tangu mgodi ufungwe, wewe ndiye wa kwanza kuniuliza." Kweli, mgeni njoo, mwenyeji apone.

Leo Masara ina mashine za kusaga mawe na vyuma vya dukani, na migongo ya vijana inapumzika. Nashukuru kwa hilo pia. Ila wakisimulia habari za mgodi ule wa kale, husema tu kwamba Wazungu waliujenga. Nami huwaambia watoto wangu kwamba walikuwapo watu waliotembea kutoka mbali, wakala ugali wetu, wakazikwa katika udongo wetu, na kwa ujuzi wao sisi tulipata dhahabu ya kulipia karo, tukasoma. Ewe msomaji, Mungu akujalie kula jasho lako kwa amani, na siku utakapokwama, akufikishe kwenye mlango wa anayejua.