Masikio ya Shangazi Daphrose

Shangazi yangu Daphrose ana kipembe cha mbao alichokitumia miaka yote zahanati, na masista wakamwachia siku alipostaafu. Upande mpana aliuweka juu ya tumbo la mjamzito, upande mwembamba sikioni, halafu alifumba macho, na hapo ole wako ukohoe. Akiupata moyo wa mtoto, aliugonga mezani kwa kidole ili mama naye aujue: tk-tk-tk-tk. Hapa kwetu Nyamirambo, watoto wengi walitambulishwa hivyo kabla hawajazaliwa. Hata watatu wa Nasiri, mwenye duka jirani yetu, na shangazi ndiye aliyewapokea.

Mwaka 1992 Nasiri alinunua kiwanja kinachogusa ukuta wetu. Kiwanja kwetu hakinunuliwi kwa karatasi tupu. Majirani wa mpakani huitwa, hunywa chupa ya mashahidi, hutia dole gumba kwenye daftari la sekta. Ukishakunywa, umeona na umekubali.

"Utajenga nini, Nasiri?" shangazi aliuliza, Fanta mkononi.

"Ghala la vitambaa, dada yangu. Vitambaa havina mdomo!"

Watu wakacheka. Shangazi akamaliza soda yake, akatia dole.

Baada ya miezi mitatu lori lilishusha mashine ya kusaga unga. Ya dizeli. Siku ilipowashwa, vikombe vyetu vilitembea wenyewe kabatini, na mimi, mjinga, nikaona ni ajabu nzuri.

Shangazi alivuka kwenda kumwomba aizime japo nusu saa, Jumanne na Alhamisi, siku zake za kupima wajawazito nyumbani.

"Dada, injini ikishapata moto haizimiki mpaka jioni. Ukiizima inapasuka," Nasiri alimwambia.

Akaenda kwa konseye wa sekta, mkuu wa mtaa wetu. Konseye alifungua daftari, akaonyesha alama ya dole la shangazi, akacheka mpaka akajifuta macho. "Lakini mama, ulikunywa!"

Tukaanza kuishi kwa kupiga kelele. Ukiomba chumvi, unaomba kama mgomvi, na unajibiwa kama mgomvi. Shangazi aliyekuwa akiimba akichambua maharage sasa alikaa ameshika kichwa, na mimi nilipigwa kofi kwa kuangusha kijiko. Kofi la kwanza maishani mwangu kutoka kwake. Usiku, mashine ikiwa imelala, yeye hakulala. Shuleni tulikuwa tumefundishwa kuhesabu mapigo ya damu, kwa hiyo nikamshika mkono. Mashine ikinguruma, mapigo tisini na nane kwa dakika. Jioni ikizimwa, themanini. Nilimwonyesha daftari langu.

"Muhoza, wewe unanipima kama mbuzi wa sokoni," alisema. Lakini alikwenda kwa daktari, akarudi na vidonge vya presha.

Wajawazito bado walikuja. Aliwapokea jioni, mashine ikishanyamaza, mlango umefungwa. Niliona anakaa na kipembe muda mrefu zaidi kila wiki, na kidole chake kinachelewa kugonga.

Kisha Alhamisi moja, saa nne asubuhi, Nasiri mwenyewe aliingia uani bila hodi, amemshika binti yake mkubwa, mwenye mimba ya miezi minane.

"Dada, tangu jana mtoto hachezi. Msikilize, kwa ajili ya Mungu!"

"Na hii?" Shangazi alionyesha ukuta.

Nasiri alimwita mfanyakazi wake kwa sauti: "Weee, zima!"

Mashine ikazimika. Hivi hivi tu. Hakikupasuka kitu. Nilisikia kuku wa jirani, nikasikia hata binti anavyopumua. Shangazi alimtazama Nasiri, na Nasiri akatazama chini.

Shangazi alipiga magoti, akaweka kipembe. Akakihamisha. Akakihamisha tena, kushoto, chini ya kitovu. Kidole chake kilikuwa juu ya meza, hakigongi. Binti akaanza kulia.

"Muhoza, njoo," shangazi alisema. "Mimi nasikia mashine tu."

"Lakini imezimwa, shangazi."

"Njoo!"

Niliweka sikio. Mwanzo sikusikia kitu, kisha nikasikia, mbali, haraka haraka, kama saa iliyofungwa ndani ya mto. Nikagonga mezani. Tk-tk-tk-tk. Shangazi alikitazama kidole changu, akahesabu kwa midomo.

"Ni mzima," alisema. "Lakini mpeleke hospitali leo leo, wamwangalie wenye masikio."

Nasiri alimshika mikono yote miwili, akamshukuru, akamwita mama. Shangazi aliichomoa.

"Uliniambia haizimiki."

"Dada, wateja..."

Hawajafika hata barabarani, ukuta ulianza kutetemeka tena.

Siku hizi shangazi hapimi mtu. Wanawake wakija anawaelekeza zahanati. Wakipita dukani kwa Nasiri kuuliza kuna nini, yeye huwajibu huku akipima unga: "Daphrose? Si mnajua, amezeeka."