Chakula cha Arobaini cha Mulki

Lori la mbuzi lilimshusha Qali kando ya barabara ya lami, jua likiwa limeanza kuchoma, na kwa muda hakujua aelekee wapi. Maisha yake yote alikuwa amefika Wajir mjini tu. Garissa aliijua kwa kusikia: kwamba ina mto usiokauka, na kwamba watu wake hununua maziwa ya ngamia kwa chupa, kama dawa. Sasa bodaboda zilimpita kulia na kushoto, na hakuna hata mmoja aliyemuuliza yeye ni wa ukoo gani. Hilo lilimtisha kuliko kelele.

Kifuani alikumbatia chombo cha kusuka kwa mizizi, kifuniko chake kimekazwa kwa ugwe wa ngozi. Ndani mlikuwa na nyirinyiri: nyama ya ngamia iliyoanikwa ikakauka, ikakatwa vipande vidogo, ikakaangwa, kisha ikazamishwa kwenye samli ili idumu miezi. Kwao mwanamke akijifungua hukaa ndani siku arobaini, na chakula cha siku hizo hutoka kwa mama yake. Si kwa mume, wala si kwa mawifi. Asiyeletewa hujua kwamba amekanwa, na majirani zake hujua pia.

Binti yake wa pekee, Mulki, alikuwa karibu kujifungua huko Stockholm, na mama na mwana hawakuwa wamesemezana tangu harusi. Mulki aliolewa na Bishar, fundi wa vyuma, mtu wa ukoo ambao watu wa Qali hawaoi wala hawaozi. Aliyewaficha na kuwafanyia harusi alikuwa Saynab wa Garissa, dada wa marehemu mume wa Qali. Habari zilipofika Griftu, kijijini kwake, Qali alisimama sokoni siku ya mnada, kati ya watu na ngamia wao, akamlaani binti, akamlaani fundi, kisha akamlaani Saynab na tumbo lililomzaa. Laana ile ilifika Garissa kabla ya wenye mifugo.

Na sasa Saynab ndiye aliyekuwa akisafiri. Angeanzia Dubai kwa mwanawe, apite Istanbul kutafuta nguo za kuuza, afike Stockholm akae kwa Mulki, kisha amalizie Oslo. Hakukuwa na msafiri mwingine ambaye angefika kwa Mulki kabla ya mtoto. Mwenye haja hachagui mlango wa kubisha.

Ua wa Saynab huko Bula Iftin ulikuwa umejaa masanduku yaliyofunguliwa midomo. Mtu wa nchi nyingine husafiri na nguo zake. Msafiri wa Garissa husafiri na mizigo ya wenzake. Huyu kaleta ubani wa shemeji, yule asali ya mjomba, mwingine magauni matatu ya dira ya bibi harusi wa Oslo. Kukataa amana ni aibu isiyooshwa, kwa hiyo Saynab alipokea kila kitu kwa bismillahi, huku akijua kwamba shirika la ndege halina aibu. Juu ya mlango ilining'inia mizani ya ndoano iliyoazimwa kwa muuza nyama, na jirani yake Kaltun, mwanamke mnene mwenye ulimi mwepesi, ndiye aliyekuwa akipima.

"Karibu, abaayo!" Saynab alisema bila kuinuka. Abaayo ni dada, lakini kinywani mwake neno lilikuwa na meno. "Jamani, mnamwona huyu? Ndiye aliyeomba nizikwe bila sanda."

"Si aliomba pia ukonde?" Kaltun akamtazama Saynab toka juu hadi chini. "Dua ya Griftu haifiki mbali, wallahi."

Wanawake wakacheka. Qali akaweka chombo chake mkekani. "Nimemletea Mulki chakula cha arobaini," akasema.

"Mulki yupi? Akina Mulki wako wengi."

"Mwanangu."

"Mke wa nani?"

Jina lile Qali hakuwahi kulitamka ila kwa kulilaani. "Wa Bishar."

"Na huyo Bishar ni nani wako?"

Kaltun aliachia sanduku likabembea kwenye ndoano.

"Mkwe wangu," Qali akasema.

"Sauti, abaayo. Au moshi wa lori umeimeza?"

"Bishar ni mkwe wangu!"

Walicheka mpaka mmoja akafuta machozi kwa ncha ya shela. Qali alisimama akawaacha wacheke. Alidhani hiyo ndiyo bei, na kwamba ameshailipa.

Saynab akafungua kifuniko, akanusa, akarudisha kichwa nyuma. Chombo kilikuwa kimefukizwa kwa kijinga cha mti wa nyikani, kama Qali alivyofukiza vyombo vyote vya utoto wa Mulki. Mwenye kukijua moshi ule asingehitaji kuambiwa chakula kimepikwa na nani.

"Kinanuka zizi," Saynab akasema. "Nikifungua hiki Stockholm wataita zimamoto. Twende jikoni."

Jikoni alimimina nyirinyiri yote katika sufuria, akatia samli ya dukani, kitunguu saumu na iliki nyingi, akamkabidhi Qali mwiko. "Koroga wewe. Mkono wako ndio unaoijua." Qali akakoroga. Kila alipodhani yamekwisha, Saynab aliinamia sufuria, akanusa, akaongeza iliki. "Bado. Bado wanukia humu, abaayo." Mpaka ikafika mahali Qali mwenyewe aliinama akanusa, na hakuikuta harufu ya mkono wake.

Ndipo Saynab akapanga makopo ya plastiki. La kwanza la mwanawe wa Dubai. La pili na la tatu la wenyeji wake wa Oslo. Yaliyobaki chini ya sufuria akayakwangua kwenye kopo dogo.

"Saynab, hiki ni chakula cha mzazi," Qali akasema. "Hakigawanywi."

"Uliniletea amana, nimeipokea mbele ya mashahidi. Namna ya kuifikisha ni juu yangu." Kisha akashusha sauti, na hapo hakuwa akicheka tena. "Kopo hili dogo Mulki atalila, naapa. Lakini atalila kama langu. Nilimuoza mimi ulipomtupa, na nitamlisha mimi. Ukitaka ajue ni lako, lichukue sasa hivi, lori la Griftu linarudi baada ya adhuhuri. Umpigie simu umweleze. Namba unayo?"

Qali hakuwa nayo.

"Basi chagua. Ale, au ajue."

Qali akalifunika kopo lile, akakaza kifuniko, akampa.

Masanduku yalipakiwa. Saynab alikaa kiti cha mbele, marashi yake yakajaa gari, wanawake wakamwombea safari ya salama. Qali alisogea mpaka dirishani. Saynab alimwona, akatoa simu, akabonyeza kwa kidole gumba, akaanza kurekodi ujumbe.

"Mulki, mwanangu, eddo yako anakuja, shangazi yako wa damu. Chakula cha arobaini nimekupikia mwenyewe, cha iliki, usiwe na wasiwasi." Akageuka akamtazama Qali usoni, kidole kikiwa bado kimebonyeza. "Hooyo, mama yako? Ni mzima. Habari za mimba alizipata, ila hakuleta neno."

Akaisogeza simu kidogo kuelekea dirishani. Akangoja.

Ilikuwa karibu sana. Kikohozi tu kingetosha. Qali alifikiria kopo dogo lililo chini ya nguo za bibi harusi, akafikiria jinsi lilivyo rahisi kutupwa kabla ya kuvuka mto. Alibana shela mdomoni kwa mikono miwili.

"Kumbe hakuna mtu," Saynab akasema kwenye simu, akaachia kidole. Ujumbe ukaenda.

Gari likarudi nyuma, likageuka, likashika njia ya Nairobi. Wanawake wakaanza kukusanya karatasi na kamba zilizosalia uani. Qali alikuwa bado amesimama alipoachwa, shela mdomoni, Kaltun alipomfikia na ufagio.

"Pisha, mama wa Griftu," akasema. "Umesimama kwenye taka."