Ukuta wa Sauti pale Azaiba

Nnaikumbuka siku moja ya baridi, mwanangu, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, nilipomnyamazisha mama yangu mbele za watu.

Unalijua joto la Muscat. Baridi ikiingia, watu wote humiminika bustanini. Mwaka ule, kwenye bustani moja ya Azaiba, msanii mmoja alisimamisha ukuta wa mbao uliochomekwa mabomba ya shaba. Unasogeza mdomo kwenye bomba, unasema utakalo, na mashine iliyofichwa nyuma inairikodi sauti yako. Mwengine akija akatega sikio, anakusikia. Bila ya watu, sanaa ile ilikuwa mbao tupu.

Tulitoka nyumbani, mtaa wa Hail, mimi na mama, kajitanda shali lake na chupa ya chai mkononi, maana chai ya kununua hakuiamini. Mimi ndio kwanza nimeanza kazi wizarani, na wenzangu wawili wa ofisini tukawakuta kwenye foleni. Zamu yangu ilipofika, nikasema changu bombani kwa Kiarabu kilichonyooka. Wakanipigia makofi.

"Nikisema humu, itakaa?" mama akaniuliza.

"Itakaa mpaka baridi iishe."

"Basi nna la kumwambia Halima."

Halima alikuwa mdogo wake, aliyebaki Unguja sisi tulipohamia huku. Alikufa hawajaonana tena.

"Mama, Halima si kishakufa?"

"Kwani bomba linajua?" Akacheka, akainama. "Halima, mimi dada'ko. Siku ile ya safari..."

Nyuma yangu nikasikia kicheko. Mmoja wa wenzangu akauliza kwa Kiarabu, lugha gani hiyo? Wakati ule, mwanangu, sisi tuliotoka Unguja Kiswahili tulikiacha mlangoni tukitoka nyumbani, tusije tukaambiwa si Waomani kamili. Nikamvuta mama shali.

"Mama, sema Kiarabu. Watu wanasikia."

Hata kumkataza, nilimkataza kwa Kiswahili.

"Kiarabu changu cha kununulia samaki," akasema taratibu. "Hili halimo." Akaikumbatia chupa yake ya chai, akatangulia njia ya kurudi Hail.

Hazikupita wiki tatu, kiharusi kikamchukua ulimi. Midomo ilitikisika, neno halitoki. Nikakimbilia Azaiba kabla ukuta haujavunjwa, nikatega sikio bomba moja baada ya jengine. Watoto wanaimba. Mtu anakohoa. Mimi na Kiarabu changu. Halafu yeye: "Halima, mimi dada'ko. Siku ile ya safari..." na juu yake sauti yangu: "Mama, sema Kiarabu. Watu wanasikia."

Mama aliishi miaka miwili zaidi. Nilimuuliza kitandani, siku ya safari kulikuwa na nini? Alinijibu kwa machozi. Mpaka leo sijui.

Wale wenzangu, mwanangu, hata majina yao yamenitoka. Kwa hivyo nnakuusia: mzee wako akifungua mdomo mbele za watu, kwa lugha yoyote, muache amalize. Ukiona haya, zimeze, haya hupita. Usimvute nguo. Neno unalomkatiza huenda amelibeba miaka na miaka, na hana pengine pa kulitua.

Mungu akupe sikio lenye subira, awaachie wazee wako ndimi zao mpaka pumzi ya mwisho, na akuepushe na kimya nnachoishi nacho mimi. Amin.