Waya Uliofunga Kibao

Pale gare ya Kolwezi, kwenye stesheni ya treni, katikati ya mafurushi ya Wakasai waliofukuzwa, nilimwona mwenye baa mmoja wa mtaa wa Dilala amechuchumaa mbele ya fundi wa asili ya Kasai. Wiki iliyopita alikuwa akimwita mgeni. Sasa alimwita tata, yaani baba.

"Tata, mashine ya michezo iko na mistari. Picha inatetemeka."

"Kati ya kadi ya mashine na televizio kulikuwa waya nyeusi. Iko?"

"Nilikata. Niliona haileti kitu. Nilifungia nayo kibao ku mulango."

"Kibao gani?"

Mwenye baa akatazama viatu vyake. Dilala nzima ilikisoma kibao hicho: kiliwaambia Wakasai warudi kwao.

Fundi aliendelea kukaza kamba ya godoro lake. "Toa kibao, rudisha waya. Ile ndiyo inatuliza picha."

Fundi huyo ndiye adui hatari tuliyeonywa juu yake.

Jana nilipita pale baa. Picha imetulia, safi kabisa. Kibao kimefungwa upya, kwa kamba. Mwenye baa anacheza peke yake, kwa sababu wachezaji wake wote wako gare, wanangoja treni.