Shujaa Mwenye Macho Mekundu

Utotoni niliwapenda mashujaa wa vitabu vya katuni vilivyochakaa, wale wanaume waliovaa chupi juu ya suruali, wakapaa angani, na hakuna aliyewacheka. Sasa mimi ni mtu mzima, nachora mabango ya mabucha na saluni hapa Kalangalala, mjini Geita, na bado nawapenda. Mwaka juzi nikaamua kuwatafutia ndugu yao wa kwetu. Nikamweka Usukumani enzi za misafara ya wapagazi, wakati pembe za ndovu zilipobebwa mabegani hadi pwani. Shujaa wangu alikuwa kikongwe. Badala ya joho nilimpa kaniki, nikamrusha juu ya pori, macho yakimwaka mekundu, na majambazi wa njiani wakatimua mbio.

Sura nilimpa ya bibi yangu, aliyenilea kijijini upande wa Shinyanga. Nilidhani namheshimu.

Nikatoa nakala za kitabu changu steshenari, nikapanda nazo basi, nikazigawa kwa watoto wa shule ya kijijini kwake. Nilijiona mtu wa maana sana. Kesho yake asubuhi nilimsindikiza bibi kisimani. Watoto waliokuwa wakichota maji walipomwona waliacha ndoo zao na kukimbia, bila hata mmoja kumwamkia. Jirani yetu, mama aliyekuwa akija kwa bibi kuomba kaa la moto karibu kila siku, hakutoa ile salamu yake ya asubuhi, "mwangaluka". Alimvuta mwanawe nyuma ya kanga.

Bibi alijaza ndoo yake taratibu. Tulipofika nyumbani ndipo akasema.

"Umenichora vizuri, mjukuu wangu. Sasa niambie, mtu anayepaa bila ndege, macho mekundu, hapa kwetu tunamwitaje?"

"Mchawi," nilijibu.

Huku kwetu wapo vikongwe waliokatwa mapanga kwa sababu ya macho tu. Nililijua hilo tangu utotoni, na mimi, bingwa wa katuni, nikalisahau. Wanasema mchuma janga hula na wa kwao, lakini hili nilimchumia bibi peke yake. Niliogopa.

Nilitaka kuvikusanya vile vitabu nivichome. Akakataa.

"Ukichoma watasema tunaficha kitu. Kaa hapa upike."

Siku tatu nilipika katika jiko lake lisilo na dirisha. Kuni kwetu ni adimu, moto ni wa mavi makavu ya ng'ombe, na moshi wake hauna adabu. Nilipuliza, nikakohoa, nikatokwa machozi. Siku ya nne nilipojitazama kwenye kioo, macho yangu yalikuwa yale yale niliyomchorea shujaa. Bibi alicheka hadi akashika ukuta.

"Haya, paa sasa tukuone!"

Nikachukua rangi zangu, nikamwomba mwenye mashine ya kusaga aniachie ukuta wake, maana hakuna mama asiyefika pale. Safari hii shujaa alikanyaga chini. Ameinama jikoni anapuliza moto, wapagazi wamepanga foleni mlangoni, moshi unampanda usoni. Nguvu zake ni hizo: hakuna mpagazi aliyepita kwake akaondoka na njaa.

Nilipofika kwenye macho, jirani yetu alikuwa nyuma yangu na ndoo ya unga. Alitazama picha, kisha akayatazama macho yangu.

"Ya marehemu mama yangu yalikuwa hivyo hivyo," alisema. "Na yangu yameanza. Nichore pembeni yake."

Nikamchora. Akaja mwingine, na mwingine. Rangi nyekundu iliniishia kwa mama wa sita, ikabidi niazime ya fundi baiskeli. Mpaka leo hakuna kazi ninayoishukuru kama ile. Namshukuru bibi, ambaye hakunifokea hata kidogo. Namshukuru na jirani yule, aliyekubali kuwekwa ukutani ilhali kunyamaza kungekuwa rahisi zaidi.

Jumatatu nilimsindikiza tena bibi kisimani. Mtoto wa jirani alikuwa pale na mama yake. Alimtazama mama yake kwanza, kisha akaweka ndoo chini.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba," bibi alijibu, na sauti yake ikatetemeka. Siku zote zile sikujua kwamba na yeye alikuwa anaogopa.