Mutu wa Kwanza Ndani ya Boti

Watu wa Kasongo wakikaa kwa pombe wanapenda kusimulia kwamba Bulaimu na Théophile waligombana kwa sababu mumoja alikuwa Mwislamu na mwingine Mukristo. Uongo mutupu! Hao wanaosimulia hawakuwa pale. Miye nilikuwa pale. Bulaimu alikuwa mume wangu, Théophile alikuwa mudogo wangu, tumbo moja. Waligombana juu ya mbao. Mbao kavu tu. Basi nyamazeni kidogo, niwaambie vizuri.

Bulaimu alizaliwa Nyangwe, mu nyumba ya wachonga mitumbwi. Baba yake alichonga, babu yake alichonga, na yeye mwenyewe alijua kushika tezo mbele ya kujua kujifunga saruni. Théophile, yeye alisomea useremala kwa Mafrère, wale mabruda wa misioni pale Kasongo. Alitengeneza makabati, viti vya kanisa na madawati ya shule, kazi safi kabisa, hata wembe haupiti kwenye maungio. Lakini kwetu ni bara, mbali na muto, na mudogo wangu hakujua kuogelea hata kidogo. Maji yakimufika magoti, alianza kutafuta mukono wa mutu wa kushika.

Waliowakutanisha hawa wawili ni Wazungu. Ilikuwa miaka ya hamsini, wakati Wazungu wa kampuni ya pamba na wa serikali walikuwa wanateremka kila Jumapili kwenda kujifurahisha ku muto: kuwinda mabata, kunywa bia, kuzungusha wake zao juu ya maji. Mitumbwi yetu waliiogopa, eti inayumba. Walitaka boti pana ya matembezi, yenye viti vya kuegemea na turubai ya kivuli. Bulaimu alijua maji lakini kiti hakukijua. Théophile alijua kiti, maji hakuyajua. Siku moja Bulaimu akaja kwetu kutafuta seremala, na mwisho wake akapata seremala na dada yake pia. Padri alikasirika, baba alikasirika. Miye nilikuwa nimekwisha kupenda, mungefanya nini?

Kazi yao ilikuwa hivi: Bulaimu anachonga tumbo la boti kutoka gogo moja, Théophile anapandisha mbao pembeni, anaweka viti, anapaka rangi. Wakamaliza boti moja, wakaitiwa nyingine. Walitaniana kutwa nzima. Théophile alisema shemeji yake anajenga beseni ya kuogea nguruwe, na Bulaimu alimuuliza kama hii boti itakuwa na droo za kuwekea nguo. Walikula sahani moja.

Sasa, kule Nyangwe kuna desturi. Mutumbwi mupya haupandwi kwanza na mugeni. Wa kwanza kukaa ndani ni mutu wa nyumba ya fundi. Anapelekwa mpaka katikati ya muto, anarudi, ndipo mwenye mali anapanda. Maana yake haina siri: kama fundi amefanya kazi mbaya, atakayezama ni wa kwake. Na kwa kuwa mafundi walikuwa wawili, nani alikuwa mutu wa nyumba zote mbili? Si miye hapa! Dada wa huyu, muke wa yule. Kila boti waliyotengeneza, wa kwanza kuingia nilikuwa miye, nimejifunga kitenge cha sikukuu, na Wazungu wanapiga makofi. Sikuogopa hata siku moja, kwani Bulaimu alinifundisha kuogelea, na boti zao zilikuwa nzuri.

Kisha akaletwa kiongozi wa serikali mupya, sisi tulimwita Bwana Kelele kwa maana hata kumusalimu mutoto wake alipiga kelele. Yeye gogo hakulitaka. Alisema boti zetu ni mitumbwi iliyovalishwa kanzu. Alitaka boti ya mbao tupu, nyembamba, nyepesi, kama ile aliyoiacha kwao, na iwe tayari kwa sikukuu ya serikali, mwezi wa saba. Wageni watatoka Kindu, na muke wake na watoto wake watapanda mbele ya watu wote.

"Isipokuwa tayari," alimwambia Théophile, "sikukuu utaifanyia mu buloko, kule gerezani."

Théophile alianza usiku na muchana. Alichukua mbao nyekundu zilizokaushwa kwa misioni juu ya tanuri ya matofali, akazibana ubao kwa ubao bila kuacha nafasi, kama vile ukuta wa kabati. Ilikuwa nzuri, siwadanganyi. Aliipaka rangi nyeupe, na mustari wa buluu pembeni. Bulaimu akaizunguka, akapitisha ukucha kwenye maungio, ukucha haukuingia popote.

"Shemeji," akasema, "mbao hizi ziko na kiu."

"Mbao kavu ndiyo mbao nzuri. Ndivyo Frère alivyotufundisha."

"Frère alikufundisha kabati. Kabati hainywi maji. Hizi zikinywa zitavimba, na umezibana hivi, zitaendea wapi? Zitasukumana mpaka misumari ing'oke. Zifungue. Tuzilaze mutoni kwanza, halafu tuzipige upya."

"Nizifungue? Na sikukuu iko hapa mulangoni? Unataka nifungwe?"

"Nataka usiue watu."

Hapo mudogo wangu akasema lile neno. Akasema: "Wivu tu. Inakuuma kwa sababu boti hii haina tezo lako ndani."

Bulaimu alifunga tezo lake mu kitambaa, akaenda nyumbani. Tangu siku ile, hawa watu waliokula sahani moja wakawa wanapishana njiani wakitazama majani. Miye nikawa kama mupira kati yao. Huku namwambia Théophile: mudogo wangu, musikilize shemeji yako. Ananijibu: yaya, dada yangu, nimechelewa. Kule namwambia Bulaimu: mutu amekosa adabu, musamehe, umusaidie. Ananijibu: ugali umeiva? Loo, wanaume!

Siku moja mbele ya sikukuu, watu waliibeba boti mpaka ku muto, wakaifunga kwenye muti ili Bwana Kelele aikute inaelea. Ililala mu maji usiku kucha. Nyumbani, mutoto wetu Zuberi amekwisha kulala, Bulaimu aliniambia bila kuniangalia: "Mama Zuberi, ukitia muguu mu boti ile, usirudi kwangu."

Nikamuuliza: "Na nisipoingia, wataingia nani wa kwanza? Watoto wa Muzungu? Wakizama, mudogo wangu atapona?"

Akazima taa. Nilijua hakuwa na hasira, alikuwa na hofu, na hofu yake ilinitisha kuliko maneno yake. Sikulala. Nikiingia, ndoa imekwisha. Nisipoingia, Théophile amekwisha.

Asubuhi, bendera zimepandishwa, askari wamesimama, watoto wa shule wanaimba. Nikamukuta Théophile amechuchumaa karibu na boti. Akaniambia kwa sauti ya chini: "Yaya, sikiliza."

Nikainama. Tik. Halafu kimya. Halafu tena, tik. Zilikuwa mbao zile zinasukumana, na musumari mumoja mumoja unaachia. Mustari wa buluu ulikuwa umepinda katikati. Maji kidogo yalikuwa yamekwisha kuingia chini ya viti.

"Alisema kweli," Théophile akasema. "Mungu wangu, shemeji alisema kweli."

"Mwambie Muzungu!"

"Nimemwambia tungojee kesho. Ameniambia leo."

Kweli, Bwana Kelele alikuwa anateremka na wageni wake, na muke wake, na watoto wamevaa kofia nyeupe. Akapiga kelele: "Haya! Ile desturi yenu, haraka!" Théophile akanitazama. Mutu huyu nilimubeba mugongoni akiwa mudogo. Akasema: "Yaya, ingia." Nikakaza kitenge, nikainua muguu.

Mukono ukanishika bega, ukanirudisha nyuma. Bulaimu! Amevaa kanzu yake ya Ijumaa, kafi mukononi. Akasema kwa nguvu, wote wasikie:

"Leo mutu wa nyumba yake ni miye."

"Shemeji..." Théophile akaanza.

"Nyamaza. Sukuma."

Akaingia, akapiga magoti, kafi likakata maji. Watu wakapiga makofi. Miye peke yangu niliona kwamba goti moja alikuwa ameliegemeza kwenye ubao, anauzuia usifunguke. Akafika katikati ya muto, mahali pa kugeuka. Hakugeuka. Aliendelea kuteremka, kule kwenye mawe yanayotokeza wakati wa kiangazi, na boti ilikuwa inazidi kushuka. Nikaanza kumwita. Bwana Kelele naye akaanza: "Wapi anaenda huyu mujinga? Rudisha!" Bulaimu akapiga kafi mara ya mwisho, kwa nguvu zake zote, na akaitupa boti ile juu ya jiwe.

Tulisikia mulio mpaka huku. Boti ikafunguka yote, mbao zikatawanyika juu ya maji, na kanzu nyeupe sikuiona tena. Sijui nililia nini. Waliokuwa karibu wanasema nilimwita mama yangu, aliyekufa zamani. Kisha kichwa kikatokea upande wa chini wa mawe, kikazama, kikatokea tena, na kikaanza kuogelea polepole kuelekea kwetu.

Alipofika muchangani, damu inamutoka usoni, askari wakamushika. Akasema: "Boti ilikuwa nzuri, Bwana. Ni miye nimeigonga. Nimezoea mitumbwi, hii ya Kizungu sijui kuiendesha."

Bwana Kelele akamugeukia Théophile. "Ni kweli?"

Mudogo wangu akatazama chini. "Ndiyo, Bwana."

Ee, nilimuchukia! Nawaambia wazi, nilimuchukia. Mume wangu alipigwa fimbo, akakaa mu buloko ya Kasongo mpaka mvua zikarudi. Nilimupelekea ugali na mboga ya sombe, na njiani nilipita mbele ya karakana ya Théophile bila kugeuza shingo. Aliniita, yaya, yaya. Yaya wa nani?

"Kwa nini Théophile alikubali uongo ule?" nilimuuliza Bulaimu.

"Angesema, tungefungwa wawili. Mungekula nini?"

"Na weye, kwa nini ulinikataza kuingia, halafu ukaingia mwenyewe?"

Alitafuna polepole, akameza. "Nilikukataza weye. Sikujikataza miye."

Alipofunguliwa, Bwana Kelele alikuwa amekwisha kuagiza boti nyingine, ya mbao tupu vilevile. Mutu gani huyo! Bulaimu hakupita nyumbani kwanza. Alikwenda moja kwa moja ku muto, miye nyuma yake namufokea, na pale akakuta mbao zimelazwa ndani ya maji, zimegandamizwa na mawe, zimekuwa nyeusi kwa kukaa. Théophile alikuwa kando ya mbao zile, amekaa tu, kama mutu anayelinda mugonjwa. Bulaimu akatoa ubao mumoja, akaunusa, akaugonga na kidole. Halafu akaniambia nimuletee tezo lake. Boti ile waliitengeneza pamoja, na walipomaliza, hapakuwa na sikukuu wala bendera, sisi tu na wavuvi wachache.

Nilikuwa nimejifunga kitenge changu, kwa desturi. Lakini Théophile alikwisha kuvua viatu. Akaviweka vizuri juu ya nyasi, kimoja kando ya kingine. Akaingia mu maji, yakamufika magoti, na safari hii hakutafuta mukono wa mutu. Akapanda, akakaa katikati, amekamata pande zote mbili, macho amefunga, anasali Salamu Maria kwa haraka. Bulaimu akasukuma boti, akaifuata kwa miguu, maji kifuani, maji shingoni, mukono wake haukuiachia.

"Fungua macho, shemeji," akamwambia. "Haivuji."

Théophile akafungua jicho moja. Na miye, niliyekuwa nimeapa kutomwita tena mudogo wangu, nikajisikia napiga kelele kutoka muchangani:

"Mudogo wangu! Shika vizuri, usianguke!"